Benzi 1113 Iliyolala Miaka Minane Usagara: Tunaiamsha Kwa Mkono

Mwangaluka! Mwangaluka watazamaji wangu, karibuni tena. Leo niko chini ya mwembe hapa Usagara, mkoani Mwanza. Dogo, geuza kamera waione. Benzi pua, lori la zamani lenye boneti mbele! Imelala hapa miaka minane, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sitanii, asubuhi hii tumeokota yai.

Video ya wiki iliyopita haikutoka, najua, mmenisema vya kutosha. Simu yangu ilizama ziwani pale Kigongo. Yaliyopita si ndwele.

Sasa mniache kwanza nitoe hasira. Dalali alinipigia akasema, "Mkuu, njoo haraka, hii ina difu mbele," yaani hata magurudumu ya mbele yanavuta. Nikatoka Nyakato mbio mbio. Ndugu zangu, Benzi ya zamani usiisikilize mdomoni mwa mtu, isome namba. 1113: hiyo 11 ni tani, uzito wa gari pamoja na mzigo. Hiyo 13 izidishe kwa kumi, nguvu za farasi 130. 911 vilevile, tani 9, farasi 110. Halafu herufi. L ni lori la kawaida. Ukikuta LA, hiyo A maana yake inavuta kwa magurudumu yote. Ikiongezwa K ni tipa.

Kibati cha hii kinasema L tupu. Nikainama hivi, njoo uone, dogo: ekseli ya mbele ni chuma kitupu, hakina lile tumbo la difu. Difu ya mbele ilikuwa mdomoni mwa dalali! Ndiyo maana milioni 9 aliyotaja ikashuka mpaka 6 na nusu, na bado naona nimelipa sana.

Nembo ya boneti nayo usiiamini, inahamishika kwa bisibisi. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari kabla hujatoa hata senti. Kwenye injini, futa grisi utafute namba inayoanza na 352. Hiyo ni silinda sita, lita 5.7. Ingeanza na 314 ningegeuza nirudi nyumbani, hiyo ni silinda nne.

Kuna wachambuzi wenzangu, siwataji, wao kila siku Fuso, Fuso, na wanasema Benzi hizi spea hakuna. Waambieni Tata wa India walianza kutengeneza malori kwa leseni ya Benzi mwaka 1954. Injini yao ya 697, sita ni silinda, 97 ni upana wa silinda kwa milimita. Upana wa 352 ni huo huo! Sisemi kila kitu kinaingia. Beba cha zamani mkononi, kalinganishe dukani.

Haya, mlichokuja kukiona. Tanki tumeliosha, filta mpya, oili mpya. Juzi fundi alitoa nozeli akamimina oili kidogo kila silinda, ikalala, jana tukaizungusha injini kwa mtaimbo mpaka ikalegea. Stata usiiguse kabla ya hapo.

Leo tunatoa upepo kwenye njia ya dizeli. Dogo, sogea, sogea zaidi. Ubavuni mwa pampu ya nozeli kuna kapampu kadogo kana kichwa cha kuzungusha. Ukikifungua kinachomoka juu. Sasa nasukuma. Ni chepesi, si mnaona? Unasukumwa upepo huo. Nalegeza nati hapa juu ya filta. Sikilizeni... fsss, fsss. Povu kama la sabuni ya unga! Usichoke. Thelathini... arobaini... povu linakata, yanabaki mapovu makubwa, moja, moja... hilo la mwisho. Dizeli imenyooka kama uzi! Na kichwa kimekuwa kizito mkononi, hiyo ndiyo dalili. Funga nati huku bado unasukuma. Halafu kirudishe kichwa ukikaze, la sivyo kitavuta upepo tena na mtaniletea lawama.

Mimi hapa ndipo ninapoipendea. Gari la kisasa likiishiwa dizeli shambani unapiga simu mjini. Hili unapiga pampu.

Lakini nisiwadanganye. Shamba langu liko Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji navuka bila kusubiri kivuko. Tatizo liko lami ikiisha. Kwenye luseni, mchanga wetu, itapita. Kwenye mbuga, lile tope jeusi la masika, tairi za nyuma peke yake hazitaitoa. Magunia ya mpunga yataletwa na ng'ombe mpaka barabarani. Kwa hiyo dalali, kama unanitazama, ile difu bado naidai.

Breki? Hakuna. Video ijayo. Jiunge na chaneli, bonyeza kengele. Leo haitembei, imewekewa mawe.

Fundi yuko tayari. Kile mnachoona ameshika ni kibao cha chapati cha mama watoto, hajui kama kiko huku. Pampu iliyolala miaka inaweza kukwama ikiwa wazi, injini ikapanda mbio bila kushikika. Hapo unaziba mdomo wa hewa kwa ubao. Mkono usithubutu.

Fundi, twende? Haya... inazunguka... inakohoa... moshi mweupe... IMEWAKA! Jamani, imewaka! Kuku wote wamekimbia! Sikilizeni sauti hiyo, zote sita!

Sawa, inatosha, naizima. Navuta waya wa kuzimia hapa... Fundi. Fundi! Kichwa cha waya kimebaki mkononi mwangu. Kibao, mzee wangu, kibao!