Kadi ya gemu kwa kompyuta ya mtumba: ipi uchukue, ipi uiache

Hapa Kisumu, kama ilivyo Nakuru na Kakamega, vijana wengi huingia kwenye gemu za kompyuta kwa mashine za ofisi za mtumba, zile za ex-UK: Dell OptiPlex, HP au Lenovo. Baadaye wanatafuta kadi ya grafiki, na hapo ndipo pesa hupotea. Muuzaji atakutajia jina la kadi na gigabaiti zake. Uliza pia inatumia njia ngapi za PCIe, yaani njia za kupitishia data kati ya kadi na kompyuta, na sloti yako, pale kadi inapochomekwa, ni ya toleo gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sloti yenye njia 16 za PCIe 3.0 hupitisha takriban gigabaiti 16 kwa sekunde. Toleo la 2.0 ni nusu ya hapo, la 4.0 ni mara mbili. Kadi ya njia 8 hupata nusu ya kasi hiyo, ya njia 4 robo.

Lakini usikimbilie kununua ubao mama mpya. Kadi huchora gemu kutoka kwenye kumbukumbu yake yenyewe, na sloti huanza kukubana hasa kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi ikawa inafuata data kwenye RAM, kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Ni kama biashara: mfanyabiashara wa soko la Kibuye mwenye stoo kubwa hasumbuliwi na foleni ya malori barabarani. Mwenye kibanda kidogo, lori likichelewa, wateja wanaondoka. Ndiyo maana kadi yenye kumbukumbu ndogo na njia chache ndiyo inayoumia zaidi kwenye mashine ya zamani.

Mpwa wangu aliwekewa GTX 1650 na fundi kwenye OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. GTA V ikawa inakwama kila gari likikata kona. "Mjomba, nimeuziwa kadi mbovu," akaniambia. Nilifungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, nikaona imeandikwa x4 2.0, yaani njia 4 za toleo la 2.0. Kadi ilikuwa nzima, ila ilichomekwa kwenye sloti nyeusi, ambayo kwa umbo ni ndefu kama ile ya buluu lakini imeunganishwa njia 4 tu. Tuliihamishia kwenye ya buluu, kukwama kukaisha jioni hiyohiyo.

Prosesa nayo ina neno lake. Kwenye mashine za umri huo, i5 na i7 za kizazi cha tatu hukupa PCIe 3.0, za kizazi cha pili huishia 2.0 hata ubao ukiwa uleule.

Sasa zamu ya kadi, kwa mtu mwenye sloti ya 3.0.

Ya kwanza ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka 2024. Ina njia 8, lakini kumbukumbu yake inatosha kuificha kasoro hiyo kwenye gemu nyingi za 1080p (picha ya Full HD). Inakula wati 70, kwa hiyo nyingi hazihitaji waya wa ziada kutoka kwa pawa saplai, na hilo ni muhimu kwa mashine ya ofisi yenye wati 275. Usiichanganye na RTX 3050 ya gigabaiti 8: ile inataka waya wake wa umeme. Kama kompyuta yako ni ile ya kesi nyembamba, dai ile ya kimo kifupi (low profile).

Ya pili, RX 6600. Kwa nguvu za gemu inaishinda ya kwanza kwa mbali, na gigabaiti zake 8 huifanya ivumilie njia 8 za 3.0 vizuri. Nimeishusha kwa sababu moja: inakula wati 132, na AMD hupendekeza pawa saplai ya wati 450. Ukiwa nayo tayari, anza na hii.

Ya tatu ni GTX 1650. Ina gigabaiti 4 tu, lakini njia zote 16, na nyingi hutosheka na umeme wa sloti. Kwa FIFA na GTA V, bajeti ikibana, chukua.

RX 580 ina njia 16 pia, ila inakula wati 185 na nyingi zimechosheka kwa kuchimba sarafu za kidijitali.

Ya mwisho, na nakusihi uiache, ni RX 6500 XT. Ni ya 2022, jina lake linavutia kuliko GTX 1650, lakini ina gigabaiti 4 na njia 4. Kwenye sloti ya 3.0 inabaki na takriban gigabaiti 4 kwa sekunde, na gemu nzito za leo zikijaza kumbukumbu yake utaona picha zikigandaganda. Tena haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu zake mtandaoni atabebesha prosesa mzigo huo.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine yako mwenyewe. Fungua GPU-Z, kisha bonyeza alama ya kuuliza pembeni ya namba za sloti uipe kadi kazi, maana ikiwa imetulia hushusha toleo ili kuokoa umeme. Ikisoma x4 kwa kadi ya njia 8 au 16, fungueni kesi muangalie sloti kwanza.