Simbilisi, sungura au njiwa? Wanyama wadogo wa kufuga na watoto katika joto la Mtwara na Lindi

Familia yenye watoto wa miaka 5 hadi 12 na kivuli cha uhakika uani ichukue simbilisi wawili, wote majike. Isiyo na kivuli ichukue njiwa. Sungura angoje mpaka mtoto atakayemhudumia afike miaka 10 au zaidi. Tumefikia uamuzi huo kwa kuangalia mambo matatu: joto la pwani ya kusini, mikono ya mtoto, na chakula kinachopatikana hapa hapa bila kungoja mzigo wa Dar es Salaam.

Joto tunaliweka mbele kwa sababu ndilo linaloua haraka kuliko kingine chochote. Simbilisi hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24 za Selsiasi. Zikifika 27 au 28 ameanza kuwa hatarini. Mtwara mjini na Lindi mjini, tangu Oktoba mpaka Machi, mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na unyevu wa bahari unazidisha adha. Sungura naye hana nafuu. Wakazi wa Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, wana ahueni. Wa Shangani, Mikindani, Mitwero au Kilwa Masoko hawana budi kulishughulikia banda kabla ya kumfikiria mnyama.

Simbilisi tunamsifu bila kusita. Ni mpole, hang'ati ovyo, hana kucha za kukwaruza kama sungura, na yuko macho mchana, saa ambazo watoto nao wako macho. Akishazoea nyumba hupiga mluzi anaposikia majani yanaletwa, na mtoto hufurahi sana kuitwa namna hiyo. Mkubwa ana uzito wa gramu 700 hadi 1,200 na huishi miaka 5 hadi 8. Asifugwe peke yake, maana ni mnyama wa kundi. Akiwa mpweke hujikunyata na kula kidogo.

Mtoto amshike akiwa ameketi chini kwenye mkeka, mkono mmoja chini ya kifua cha mnyama na mwingine chini ya makalio. Akidondoka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama anaweza kuvunjika mguu au meno. Wa chini ya miaka mitano ampapase tu huku mtu mzima amemshika.

Kosa kubwa hutokea siku ya kununua. Muuzaji atasema, "Mama, hawa wote majike," na mara nyingi hadanganyi, hajui tu. Mgeuze mnyama taratibu na utazame mwenyewe. Jike ana mpasuko wenye umbo la herufi Y. Dume ana kitundu cha mviringo, na ukibonyeza kidogo juu yake kwa kidole uume hujitokeza. Ukikosea, jike anaweza kushika mimba akiwa bado na wiki chache tu tangu kuzaliwa. Mimba huchukua siku 59 hadi 72, huzaa watoto wawili hadi wanne kwa kawaida, na anaweza kushika nyingine saa chache baada ya kuzaa. Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji wengi hawaitaji: jike anayezaa kwa mara ya kwanza baada ya kupita miezi saba au nane, nyonga yake imekwisha kukaza, na uzazi unaweza kumuua. Ndiyo maana tunasisitiza majike wawili wa uzao mmoja, wenye wiki tano au sita, gramu 300 na kuendelea.

Kabla ya kulipa, kagua macho yang'ae, pua iwe kavu, meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa, na makalio yasiwe na uchafu uliogandia. Mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho na pua ni dalili ya choa, na choa hicho humwambukiza mtoto kichwani na mikononi. Mwenye mabaka muache, hata akipunguzwa bei.

Katika chakula, jambo la kipekee ni vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, kama wetu sisi binadamu, hivyo aipate kila siku: miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na jike mwenye mimba apate 30 au zaidi. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 20 hadi 25 kinatosha mmoja kwa siku. Pera lina vitamini hiyo nyingi zaidi, kwa hiyo kipande chembamba kinafaa badala ya hoho. Unga wa vitamini wa kuku unaochanganywa kwenye maji usiutegemee, maana vitamini C huharibika haraka majini. Akiikosa kwa wiki kadhaa hupata kiseyeye: anatembea kwa shida, viungo vinavimba, ufizi unatoa damu.

Kilichobaki ni majani, tena kwa wingi. Mmoja mkubwa hula takribani gramu 250 hadi 300 za majani mabichi kwa siku. Ukoka, matete machanga, mchunga na matembele vinafaa. Mchicha uwe kidogo kwa sababu ya chumvi zake zinazojenga vijiwe kwenye kibofu. Kisamvu kibichi kina sumu, usimpe kabisa. Majani yaliyorundikwa mpaka yakapata moto au ukungu yatupe, yatamjaza gesi tumboni. Chakula cha kuku nacho hapana: kina wanga mwingi na nyuzi chache, na baadhi yake huchanganywa dawa za kuku zinazoweza kumdhuru sungura na simbilisi.

Kuhusu majani kuna onyo la huku kwetu. Msimu wa kupulizia mikorosho, kuanzia katikati ya mwaka, salfa na dawa nyingine hutua kwenye nyasi chini ya miti. Usikate majani ya wanyama shambani humo wala pembezoni upepo unakoelekea. Mtume mtoto akakate mahali unapopajua, na yaoshwe. Maganda ya korosho mbichi pia yasifike bandani, mafuta yake yanababua ngozi na midomo.

Sasa banda, ambalo tungelinunua kabla ya mnyama. Mengi yanayouzwa tayari na mafundi seremala yametengenezwa kwa kuku. Paa ni bati lililokaa karibu na mgongo wa mnyama, sakafu ni wavu, na wavu wa pembeni una matundu makubwa. Kwa simbilisi haya yote ni kasoro. Bati la chini hugeuza banda kuwa tanuri saa sita mchana. Sakafu ya wavu huchubua nyayo mpaka zinatunga usaha. Matundu makubwa humpitisha nyoka. Hatushauri ununue hilo hata likiwa rahisi.

Mwagize fundi: sakafu ya mbao sentimita 120 kwa 60, kimo 45, miguu 75 kutoka ardhini. Pembeni wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, upigiliwe kwa ndani ili usisukumike. Paa la makuti ndilo bora kwa pwani hii. Ukilazimika kutumia bati, acha nafasi ya sentimita 20 kati yake na dari ya makuti au mkeka. Mwambie fundi asipake oili chafu wala dawa ya mchwa upande wa ndani, kwa kuwa simbilisi hutafuna mbao. Mlango uwe na makomeo mawili. Kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo juu yake, maana siafu wakipanda usiku asubuhi hukuti kitu. Maji hayo huwa mazalia ya mbu yasipobadilishwa kila wiki.

Liweke chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, pande mbili za wavu zikiwa wazi ili kusi na kaskazi vyote vipite. Masika turubai la kuteremsha linahitajika upande wa mvua. Sakafuni tandaza maranda makubwa kina cha sentimita 5. Unga wa msumeno unaingia puani na kuleta mafua. Pembe iliyolowa iondolewe kila siku. Ndani laza chungu au mtungi mkuukuu kwa ubavu: udongo hukaa baridi, na mnyama huingia humo kujificha. Siku za Desemba na Januari gandisha chupa ya maji ya lita moja na nusu, ifunge kwa kitambaa, iweke pembeni saa tano asubuhi.

Ukimkuta amejinyoosha, anahema mdomo wazi na mate yanamtoka, hiyo ni joto. Mpeleke penye kivuli, lowesha masikio na nyayo kwa maji ya kawaida, mpepee, na usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Kisha kwa daktari wa mifugo.

Sungura ni mzuri wa kutazama, hana kelele, na huishi miaka 8 hadi 12, lakini hapendi kubebwa. Akiogopa hupiga teke kwa nguvu kiasi cha kuweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo, na kucha zake humchana mtoto. Wengi wanaouzwa hapa ni wa nyama, weupe wakubwa wa kilo nne au tano, wazito kwa mtoto wa darasa la pili. Banda lake liwe zaidi ya mara mbili ya lile tulilotaja. Jike hubeba mimba siku 31 tu, kwa hiyo suala la jinsia halina mzaha hapa pia.

Njiwa huvumilia joto kuliko wote hao, na kwa nyumba isiyo na mti ndio chaguo letu. Jozi mpya ifungiwe wiki tatu au nne kwanza, la sivyo itarudi ilikotoka. Mmoja hula gramu 30 hadi 40 kwa siku za mtama, kunde na mahindi ya kuparaza, na apate mchanga wenye kokoto ndogo. Hutaga mayai mawili na kuatamia siku 17 hadi 19, zamu kwa zamu dume na jike, jambo ambalo watoto hulifuatilia kwa hamu. Ubaya wake ni vumbi la kinyesi. Kilowanishwe kabla ya kufagia, afagie mtu mzima, na nyumba yenye mgonjwa wa pumu isiwafuge.

Samaki wa kwenye kioo hawafai kwa nyumba ambayo umeme ukikatika pampu haina mbadala. Kobe, komba na chiriku wanaouzwa njiani ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na kobe hubeba vimelea vya salmonela.

Kwa yeyote utakayemchagua, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika. Simbilisi au sungura akiugua, usimpe amoksilini iliyobaki nyumbani. Dawa hiyo na jamii yake ya penisilini, ikipitia mdomoni, huua bakteria wazuri wa utumbo wake na kumuua ndani ya siku chache. Akiacha kula kwa saa 12 usingoje kesho. Mpigie afisa mifugo wa kata, umtajie uzito wa mnyama na alichokula mara ya mwisho.