Nguo za Blender: nimezipima kwa kanzu, kanga na lubega

Simulesheni ya nguo ya Blender, yaani kompyuta kuhesabu yenyewe jinsi kitambaa kinavyoanguka na kukunjika, inasifiwa sana ila mifano ya watu ni ileile, kitambaa cha mezani kinaangukia mpira, au gauni linapepea kwenye upepo, basi. Sisi huku nusu ya nguo zetu hazijashonwa, kanga unajifunga kifuani unachomeka pembe unaenda zako, mgolole unapiga lubega unatoka, kwa hiyo mimi nimeipima kwa nguo hizo maana nguo isiyo na mshono wala kifungo ndiyo inayoonyesha programu inajua kitambaa kweli au inajua mishono tu.

Kwa ambaye hajaitumia, Blender ni programu ya bure ya kutengeneza picha na animesheni za 3D, msimbo wake ulifunguliwa kwa wote mwaka 2002 baada ya watu kuchangishana euro 100,000, na hadi leo hulipii chochote. Kwa kijana mwenye laptopu yake moja anatengeneza katuni au matangazo hilo ni jambo kubwa mno, kwa sababu ile Marvelous Designer ya Wakorea ambayo wengi wanaikimbilia kwa ajili ya nguo inalipiwa kwa dola.

Inavyofanya kazi: kitambaa ni wavu wa nukta, kila nukta ina uzito, na kati ya nukta na nukta kuna springi, nyingine zinazuia kitambaa kisivutike, nyingine kisiende mshazari, nyingine kisikunjike ovyo. Mvutano wa dunia unavuta chini, springi zinakataa, mikunjo inazaliwa hapo. Zamani hesabu za namna hii zilikuwa zinalipuka, yaani namba zinapanda ovyo na kitambaa kinasambaratika, usipopiga hatua za muda ndogo ndogo mno, mpaka mwaka 1998 watafiti David Baraff na Andrew Witkin walipoonyesha njia ya kupiga hatua kubwa na kitambaa kikabaki kimetulia, na ndiyo maana leo kitu hiki kinawezekana kwenye mashine ya kawaida nyumbani.

Nianze na kanzu kwa sababu haina maneno mengi. Kanzu inakaa vizuri sana. Inaning'inia kutoka mabegani, uzito wote unashuka, na ukimuanza mtu wako wa 3D akiwa amenyoosha mikono pembeni halafu ukamshushia mikono taratibu ndani ya fremu, zile picha moja moja za animesheni, kama 30 hivi, mikunjo ya kwapani inajipanga yenyewe kama ilivyo kwa mtu anayetoka msikitini. Shingo ipigie pini, yaani nukta zake uzifunge mahali pamoja, isiteleze, basi. Buibui pia hivyohivyo, ila tumia seti (namba za kitambaa zilizopangwa tayari) ya hariri usitumie ya pamba.

Sasa hizo seti. Blender inakupa tano tayari, pamba, denimu, ngozi, raba na hariri, na ukiangalia ukinzani wa kukunjika utaona hariri ni 0.05, pamba 0.5, denimu 10. Namba nzuri za kuanzia, lakini jamani msizichukue kama zilivyo, kwa sababu uzito unahesabiwa kwa kila nukta, siyo kwa mita ya kitambaa! Ukiongeza nukta ili upate mikunjo midogo, kanga yako inakuwa nzito zaidi na inavutika kama raba, hata kama umechagua pamba. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, ukiigawa kwa miraba ya sentimita 2 unapata miraba 4,125, ukienda sentimita 1 inakuwa 16,500, yaani mara nne, basi na uzito wa nukta moja ugawe kwa nne na hatua za hesabu kwa kila fremu ziongeze, zinakuja zikiwa 5, kanga inataka 10 au zaidi kama mtu anatembea.

Kanga yenyewe ndiyo imenikalisha muda mrefu na ndiyo imenifurahisha zaidi. Kwanza picha ya kanga ibandike wakati kitambaa bado kimelala bapa, hapo pindo, mji na jina vinakaa mahali pake, halafu ndiyo ukizungushe mwilini. Ukifanya hivi jina linasomeka hata likipita kwenye mkunjo, tofauti na wale wanaochonga mikunjo kwa mkono halafu wanabandika picha juu, maua yanavutika yanakuwa marefu na kila mwanamke atakayeiona atajua ile siyo kanga.

Kuizungusha unaizungusha mwenyewe, ukiacha nafasi kati ya tabaka na tabaka, halafu unatumia ile sehemu ya kusinyaza kitambaa kidogo kidogo mpaka kishike mwili. Pembe ya kuchomeka kifuani programu haiwezi kuishikilia kwa msuguano peke yake, mtu akipiga hatua tatu kanga iko chini, kwa hiyo zile nukta za pembe zipige pini na uzifunge kwenye mfupa wa kifua, katika ile mifupa ya 3D inayomwendesha mtu wako. Ni ujanja, lakini hauonekani.

Kitu kinachowashinda wengi ni umbali wa kugusana. Kitambaa kugusana chenyewe kwa chenyewe kunakuja kumezimwa, na ukikiwasha umbali wake ni mita 0.015, yaani sentimita moja na nusu kati ya tabaka na tabaka, na mwili nao una unene wake wa nje wa sentimita 2. Kanga ikizunguka mara mbili kwa namba hizo mtu anaonekana kavaa godoro. Shusha mpaka mita 0.003 hivi, na unene wa mwili ushushe pia, na uongeze ubora wa mgongano kufidia. Hapo laptopu itapata joto kwelikweli maana hesabu zote zinafanyika kwenye prosesa, kadi ya grafiksi haikusaidii kitu.

Halafu kuna raha moja, kanga mpya yenye wanga na kanga iliyofuliwa ni namba moja tu inayobadilika! Ukinzani wa kukunjika uweke 2 au 3, inasimama wima ina kona kali kama imetoka dukani leo. Ushushe chini ya 0.3 inalegea, inafuata nyonga, unamuona mama wa nyumbani asubuhi anafagia uwanja.

Lubega inaanguka vizuri mgongoni, ila fundo la begani usitegemee lifungwe na simulesheni, lichonge pembeni ulibandike, na msuguano wa mwili uupandishe kidogo upande ule.

Kama wewe ni fundi cherehani unataka vipande vya kukata kitambaa halisi, hapo lipia ile ya Wakorea, ile inaanza na patani bapa unazishona kwenye skrini na patani ndiyo unayoihitaji. Blender ina springi za kushonea pia lakini patani unajichorea mwenyewe. Kwa katuni, tangazo, au bibi harusi wa kidijitali aliyejitanda, mimi naipa kanzu 9 kwa 10, kanga 7, na kabla hujarenda, yaani kutoa picha za mwisho, hifadhi keshi (matokeo ya hesabu za kitambaa) kwenye diski, la sivyo ukigusa namba moja tu kitambaa chote kinahesabiwa upya toka fremu ya kwanza.