TAHADHARI: SSD ya NVMe "inayowasha bodi yoyote ya zamani", tazameni ule waya mwekundu

Assalaam alaykum. Nyinyi wenye kompyuta za mezani za zamani, khasa mlio huku Pemba mnaoagiza vitu Unguja kwa simu, someni hii kabla hamjarusha pesa. Kuna bwana anatangaza kwenye stetasi SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya NVMe, aina yenye kasi zaidi, pamoja na kadi yake, eti "inawasha bodi yoyote hata ya 2010, chomeka tu Windows inapanda, spidi 3,400", yaani MB kwa sekunde. Jina silitaji maana leo anatumia hili kesho jengine, na namba kashabadilisha mara mbili tangu nianze kumdai. Itazameni bidhaa.

Mie nina kijisteshenari hapa Chake, sipiyu yangu ni i5 ya kizazi cha pili, bodi (motherboard) ya H61, mambo ya 2011 hayo, na kwa kazi ya kuprinti mitihani na picha za pasipoti inatosha kabisa ila hadi diski (hard disk ya kuzunguka) ndo ilokuwa ikinitoa roho, unawasha asubuhi unakwenda kunywa chai na mandazi unarudi bado inazunguka na watoto wa skuli washajaa mlangoni. Nkamtafuta yule bwana. Nkamuuliza mara mbili, si mara moja: bodi yangu haina sehemu ya M.2, lile tundu dogo la kuchomekea SSD, na BIOS yake, ile programu ya bodi inayoanza mwanzo ukiwasha, haijui NVMe ni kitu gani, itawasha kweli? Akanambia "sheikh, kadi yangu ina chipu maalum, usiwe na wasi". Laki mbili na sitini nkamrushia, mzigo ukapanda boti, siku ya pili nkaupokea Mkoani.

Nkafunga. Ikawaka! Windows ikapanda bila ya tabu yoyote na wallahi siku ile nilimwombea dua.

Kumbe huko kuwaka ndo penye wizi wenyewe. BIOS za umri ule hazina draiva ya NVMe (programu ya kuitambua) ndani yake, kwa hiyo ukichomeka NVMe ya kweli kwenye sloti ya PCIe (ile ya kadi za nyongeza kwenye bodi), Windows 10 iliyokwisha kuwaka kutoka diski nyengine itaiona vizuri na utatia mafaili yako, lakini kuiwasha kompyuta kutoka kwenye hiyo NVMe hapana, BIOS haioni kitu. Ziko chache tu kama Samsung 950 Pro ya 2015 ambazo zilikuja na kodi yake ya kuwashia ndani ya diski yenyewe, na yangu haikuwa hiyo. Kwa hiyo ile kuwaka kirahisi vile ingetakiwa inishtue, badala yake ikanifurahisha.

Wiki moja baadae nakopi picha za harusi ya mteja naona mbona inajikokota, nkapima, 260 MB kwa sekunde. Nkafungua CrystalDiskInfo, programu ya kuonesha habari za diski, kwenye aina ya muunganisho nasoma Serial ATA, yaani SATA, ile ya kizamani yenye kasi ndogo, wala hakuna NVM Express, na saa ilizokaa ikiwaka ni elfu kumi na nne na kitu, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi usiku na mchana, naye aliniuzia "mpya ya boksi". Nkazima, nkafungua sipiyu, nkakaa naitazama ile kadi. Upo waya mwekundu unatoka kwenye kadi unakwenda kwenye bodi, na aliuchomeka nani? Mie mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu yeye alinambia ni "waya wa kuongezea nguvu". Waya wa SATA ule jamani! Hizo kadi zina matundu mawili, moja la NVMe linapita PCIe kweli, na jengine la M.2 ya SATA ambalo sloti ya PCIe linaitumia kwa umeme tu, data yote inapita kwenye huo waya. Ye kanitilia SSD ya SATA kwenye tundu la pili, na stika ya "NVMe" kaibandika juu ya stika nyengine, nlipoibandua kwa ukucha chini imeandikwa SATA waziwazi.

Na H61 milango yake yote ni SATA 2, haizidi 300. Hata ile 3,400 ya kwenye video yake ni uongo mtupu kwa bodi hizi, PCIe 2.0 kwa njia nne mwisho wake 2,000, video kaichukulia kwenye mashine mpya.

Nlipompigia akanijibu "si imewaka? Wataka nini tena?" Halafu mali ikishapanda boti hairudi, halafu kimya, halafu kaniblok. Angeniuzia kwa jina lake, SSD ya SATA iliyotumika, kwa elfu sabini, ningechukua na ningeshukuru, maana hata hiyo imeishinda hadi diski yangu kwa mbali.

Kwa anaetaka NVMe ya kweli kwenye bodi kama yangu, inawezekana. Nilikwenda Darajani mwenyewe, nkapimiwa dukani mbele ya macho yangu, na kadi nikachukua ile tupu isiyo na mbwembwe, ni njia za shaba na vijidude vitatu vinne tu, haina chipu maalum wala haihitaji. Fundi alitaka aibadilishe BIOS aitie draiva ya NVMe, nkakataa, kwa umeme wetu huu ukikatika katikati bodi inakuwa trei ya kahawa. Tukatumia Clover, programu ya kuanzishia kompyuta, kwenye flashi ndogo, ndani yake ikatiwa draiva ya NvmExpressDxe, kompyuta inaanzia kwenye flashi halafu inamkabidhi NVMe. Flashi haitolewi, basi. Napata 1,500 na kitu.

Ukitaka kuagiza, mwambie akutumie picha ya SSD pande zote mbili na ya CrystalDiskInfo, SSD ikiwa imeshafungwa kwenye kompyuta. Yenye pengo moja kwenye meno, yaani ule ukingo unaochomekwa, kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, ingawa zipo NVMe chache za mapengo mawili, kwa hiyo usitegemee meno peke yake. Na akikutajia waya wowote, kata simu.

Jana usiku kaweka tena picha ile ile, hata kitambaa cha meza ni kile kile cha buluu. Sasa anaita "toleo la pili" na bei kaongeza elfu ishirini.