Gliserini na magaga yangu: uzoefu wa baridi ya Njombe

Nilihamia Njombe nikitokea Tanga, na Juni ilipofika visigino vyangu vilikuwa na magaga ya kutisha. Usiku nikijigeuza, uzi wa shuka unanasa kwenye mpasuko, naamka. Mafuta ya mgando peke yake hayakufua dafu. Mama wa nyumba ya jirani alivitazama akasema, "Mwanangu, tafuta gliserini, baridi ya huku haina huruma."

Nikanunua chupa ya mililita 100 duka la dawa, shilingi 3,000. Haina rangi wala harufu, ila ni nzito: ujazo huo una uzito wa gramu 126 hivi. Ukipindua chupa, kiputo cha hewa kinapanda taratibu kama kinapita kwenye asali.

Usiku wa kwanza niliharibu. Niliipaka kama ilivyo, bila maji, kwenye visigino vikavu na midomoni. Ina utamu kabisa ukilamba. Haikuchukua muda mipasuko ikaanza kuwaka, na asubuhi midomo ilikuwa mikavu kuliko jana yake. Nikarudi dukani nimenuna. Dada anayeuza pale akanielewesha vizuri: gliserini huvuta maji popote yalipo. Hewa ikiwa na unyevu itayavuta hewani. Hewa ikiwa kavu, na umeipaka nzito hivyo, itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe. "Kaka, ipake kwenye ngozi iliyolowa."

Tangu hapo naloweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika kumi, nafuta juu juu tu, kisha napaka kijiko kimoja cha gliserini kilichochanganywa na viwili vya maji ya waridi. Juu yake mafuta ya mgando kuzuia maji yasitoroke, halafu soksi za pamba. Siku ya nne shuka liliacha kunasa. Wiki ya tatu magaga yalikuwa yamelainika, isipokuwa ufa mmoja wa mguu wa kulia. Nachanganya kidogo kidogo, cha siku mbili tatu, kwa sababu ikishatiwa maji mengi huweza kuota vijidudu.

Vitabu vinasema huganda kwenye nyuzi 18, lakini chumbani kwangu, palipo na baridi zaidi ya hapo, haijaganda hata siku moja. Inazidi uzito tu. Ikigoma kutoka natumbukiza chupa kwenye maji ya moto. Jikoni siiweki: ikiungua hutoa moshi wa akrolini unaochoma macho na koo.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni mahali pa kununua. Sokoni niliona ikipimwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, kwa bei nafuu, nikaiacha. Haiti, mwaka 1996, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa gliserini yenye dayathilini glaikoli, sumu inayoua figo. Hiyo nayo haina rangi na ni tamu vilevile; macho na ulimi havitakusaidia. Mimi napaka hadi midomoni, kwa hiyo nataka chupa iliyofungwa, yenye herufi BP (British Pharmacopoeia, yaani kiwango cha dawa cha Uingereza), jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kingine: kama nyumbani mna pamanganeti, zile chembe za zambarau za kuoshea vidonda, msiweke kabati moja na gliserini. Vikigusana, baada ya muda mfupi moto unawaka wenyewe bila kiberiti. Nimezitenga vyumba viwili tofauti, juu, watoto wasipofika. Ikimwagika sakafuni futa papo hapo kwa maji, inateleza vibaya sana.

Sasa niko chupa ya pili. Ule ufa wa mguu wa kulia bado upo, mfupi kama punje ya mchele, lakini hauumi tena nikivaa viatu.