Onlaini TV niliyoangalia msiba wa Mzee Mwinyi, nawapa nyota tatu kwa tano

Jina la chaneli naliweka pembeni, ni moja ya hizi onlaini TV zetu za YouTube ambazo akifa mtu mkubwa wao ndio wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Msiba wa Mzee Ruksa, yaani Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa pili aliyepewa jina hilo kwa kuruhusu biashara huria, nimeufuatilia kwao tangu Rais Samia alipotangaza ile Alhamisi jioni, Februari 29, 2024, mpaka Jumamosi alipozikwa Mangapwani, na nyota tatu zinawatosha kabisa. Wangepata nne kama wangejua kunyamaza.

Nianze na lile walilowashinda hata TV kubwa. TV kubwa ilikuwa viongozi, salamu za rambirambi, kiongozi mwingine, salamu tena. Hawa jamaa wakachukua maiki wakaingia sokoni, stendi, vijiweni, swali lao moja tu, unamkumbuka Mzee Mwinyi kwa lipi? Vijana wa bodaboda wanajibu alikuwa mpole, mzee wa watu, halafu basi, na si kosa lao, anatoka Ikulu 1995 wengi wao hata hawajazaliwa. Ila maiki ikifika kwa watu wa umri wa miaka hamsini na kitu kwenda juu hapo ndo video inanoga. Sabuni! Yaani kila mtu anaanza na sabuni. Mama mmoja anasema walikuwa wanafulia majani ya mpapai, mwingine anasimulia foleni ya sukari duka la ushirika unapanga jiwe lako ukirudi jiwe limesogezwa, mzee mmoja akashika kola ya shati lake akasema huu mtumba niliovaa ni ruksa hii, wenzake wakaangua kicheko hapohapo msibani na mimi nikacheka nao. Kicheko cha namna hiyo hukipati kwenye salamu za rambirambi.

Sasa hapa mtangazaji alitakiwa awe amesoma kidogo. Mlango wa bidhaa za nje haukufunguliwa siku Mzee anaapishwa, bajeti ya 1984 Mwalimu Nyerere bado yupo Ikulu ndiyo iliyoruhusu watu kuingiza bidhaa kwa hela zao za nje bila kuulizwa maswali mengi. Mwinyi akaja Novemba 1985 akausukuma wote, mwaka uliofuata tukakubaliana na IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya ujamaa ya Azimio la Arusha, 1992 vyama vingi. Sentensi mbili tu za hivyo zingewasaidia wale vijana wa bodaboda waelewe kwa nini huyu mama analilia sabuni. Badala yake mtangazaji kila baada ya jibu ni "daah, inaumiza sana", hata mtu akiwa anacheka.

Kilichoniudhi zaidi ni hiki. Kuna mzee mwenye baraghashia alianza vizuri tu, akasema sawa bidhaa zilijaa lakini tuseme na mengine, rushwa nayo ilichukua ruksa yake, mpaka 1994 wafadhili wakasimamisha misaada kwa ajili ya ile misamaha ya kodi… maiki ikaondoka. Kamera ikageuka kwa mtu mwingine kama vile mzee hakuwepo. Najua marehemu hasemwi vibaya, na mimi nimelelewa hivyohivyo, ila huyu hakumtukana mtu, alikuwa anakumbuka kama wenzake wanavyokumbuka. Na tukumbuke anazungumziwa nani, mtu aliyeachia uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 70 kwa sababu ya vifo vya watu Shinyanga mikononi mwa askari, wala si yeye aliyewagusa. Alipopigwa kibao na kijana pale Diamond Jubilee 2009 hotuba ikaendelea. Mtu kama huyo unamkingia maneno ya mzee wa kijiweni?

Vichwa vya habari sasa, jamani. "INATISHA: KILICHOTOKEA UWANJA WA UHURU", unafungua roho juu, kumbe ni watu wamepanga mstari wanaaga. Na ule muziki wa kinanda cha huzuni waliutumia kwenye msiba wa Lowassa, waziri mkuu wa zamani, wiki chache kabla, uleule, hata pa kuanzia hawakubadilisha, nikawa nawaza mhariri ana faili moja tu la majonzi. Matangazo ya biashara siwalaumu sana, bando wanalipa na wao, ila kukatisha dua katikati ili nitangaziwe mkopo wa simu hapana.

Zanzibar walifika na maswali yaleyale ya Dar wakakwama. Kule watu walikuwa wametulia, kila ukimuuliza mtu anakwambia tumuombee dua, Mungu amsamehe, amejibu amemaliza. Mtangazaji anamsukuma aseme anajisikiaje, anatafuta chozi, mtu anamwangalia tu. Nilifurahi kwa kweli. Bahati nzuri wakati wa mazishi yenyewe waliacha sauti ya pale makaburini isikike bila mtu kuongea juu yake, zile dakika ndizo bora kuliko yote waliyorusha, na picha haikuganda hata mara moja, tofauti na Ijumaa ambapo ilikuwa inazunguka tu kile kiduara mpaka unakata tamaa.

Halafu kuna kitu nilisubiri mtu wa chaneli akiseme hakukisema. Bara hatukuwa na TV kabisa hadi mwisho mwisho wa utawala wa huyu mzee, Zanzibar wanayo tangu miaka ya 70 sisi tunasikiliza redio ya serikali, 1993 sheria ya utangazaji ikapita, 1994 ndo TV za binafsi zinaanza kuonekana Dar. Hawa vijana na maiki zao wamekula matunda ya ruksa kuliko hata huyo mwenye mtumba, na wakaitangaza habari nzima ya ruksa kama inamhusu mama wa sabuni peke yake.

Kama unataka kuangalia, video za mitaani ziko bado, anza na zile ndefu zisizo na herufi kubwa kwenye kichwa, hizo ndizo wamewaacha watu wakaongea. Zenye neno INATISHA pita nazo mbali, na ya mazishi iangalie kuanzia mwanzo bila kuruka.