Uzoefu wangu na Flyway katika kutunza mabadiliko ya hifadhidata

Ni mwaka wa tatu sasa tangu nianze kutumia Flyway, zana ya kutekeleza na kuweka kumbukumbu za mabadiliko ya muundo wa hifadhidata, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL inayobeba mfumo wa mikopo tunaoutunza kazini. Kabla ya hapo msimbo wetu wote ulikuwa ndani ya Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, lakini hifadhidata ilibadilishwa kwa mkono: aliyehitaji safuwima mpya aliiongeza moja kwa moja kwenye seva, kisha akaahidi kuwaarifu wenzake. Usiku mmoja tulipopandisha toleo jipya, programu iligoma, kwa kuwa safuwima iliyokuwapo kwenye seva ya majaribio haikuwapo kwenye seva ya wateja, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeiongeza wala lini.

Utaratibu wa Flyway ni mwepesi. Kila badiliko huandikwa katika faili la SQL ya kawaida (lugha ya kuiamuru hifadhidata) lenye namba, mathalani V12__ongeza_tarehe_ya_marejesho.sql, na kuingizwa katika Git pamoja na msimbo unaolitegemea. Mfumo unapowashwa, Flyway husoma jedwali lake liitwalo flyway_schema_history, hutambua mafaili yaliyokwisha kutekelezwa, kisha hutekeleza yaliyosalia kwa kufuata namba.

Kilichonifanya niiamini hasa ni ukali wake. Faili linapotekelezwa, jedwali la flyway_schema_history huhifadhi pia namba ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na maandishi ya faili hilo, na mfumo unapowashwa tena Flyway huilinganisha na faili lilivyo sasa. Mwenzetu mmoja alisahihisha aina ya data katika faili la zamani, akidhani ni jambo dogo, na asubuhi yake mfumo ukakataa kuwaka kwenye kompyuta zetu sote. Tuliudhika, lakini tulipochunguza tuliona kwamba, lau usingekataa, hifadhidata ya wateja ingebaki na aina ya zamani huku kila hifadhidata mpya ikizaliwa na nyingine, nasi tungeendelea kuamini kwamba zinafanana. Tangu siku hiyo sahihisho huandikwa katika faili jipya. Ipo amri ya repair inayoweza kuoanisha namba hizo, ila naisihi timu yoyote isiiguse kabla ya kujua sababu ya tofauti.

Upungufu upo. Amri ya kutengua badiliko haimo katika toleo la bure, ingawa kwangu hilo si zito, kwani safuwima ikishafutwa, data yake hairudishwi na amri hiyo. La kuangaliwa zaidi ni aina ya hifadhidata: faili likishindwa katikati, PostgreSQL kwa kawaida hulirudisha lote nyuma, ilhali MySQL huthibitisha kila amri ya kubadilisha muundo papo hapo, hivyo faili huweza kuacha kazi nusu. Anayetumia MySQL aandike badiliko moja katika kila faili.

Watu wawili kwenye matawi tofauti ya Git, yaani nakala sambamba za msimbo zinazounganishwa baadaye, wakichagua namba moja, Flyway husimama na kukataa. Sisi tumeacha namba za mfululizo na tunatumia tarehe na saa.